Salama, Ila

1

"Weka mkono kichwani, mama."

Atuganile alimkodolea macho kijana yule. "Niweke nini?"

"Mkono. Huo wa kushoto unaokufa ganzi. Uweke juu ya utosi, uuache hapo kidogo."

"Nani kafariki?"

Gwamaka, mtaalamu wa viungo na misuli, alikuwa mzaliwa wa Kyela na alijua vizuri anachoomba. Mtu mzima haweki mkono kichwani hovyo. Mkono kichwani ni msiba, na kuuweka bila msiba ni kuuita. Atuganile alikuwa na miaka arobaini na mmoja, opereta wa mitambo anayeheshimika Tukuyu nzima, lakini akijisahau tu nyumbani mama yake humfokea kutoka jikoni: "Unamlilia nani wewe?"

"Hakuna aliyefariki," Gwamaka alisema. "Ila nywele zako zimelala upande mmoja, hapo utosini. Naona mkono wenyewe unapajua mahali."

Loo! Atuganile aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Ni kweli. Miezi mitano sasa alikuwa akijifungia choo cha uani kama mwizi, anaweka mkono kichwani, anafumba macho, na yale maumivu ya nyuma ya bega yanamwachia kidogo. Hakumwambia mtu. Angeanzaje?

Aliuweka mkono utosini. Pumzi ndefu ikamtoka yenyewe.

"Enhee," Gwamaka alisema, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Sasa ushushe. Kichwa nyuma. Kilaze upande wa kushoto. Taratibu..."

"Yesu wangu!"

Maumivu yalimchoma kwenye kombe la bega, yakashuka nyuma ya mkono, yakaishia kwenye dole gumba na vidole viwili vya jirani yake. Vidole vyenyewe havikuuma. Vilikuwa havipo tu, vya mtu mwingine.

"Pole, pole sana. Imetosha." Kijana alirudi kwenye kiti chake, akasugua viganja. "Wamekutibu nini mpaka sasa?"

Atuganile akamhesabia. Alikandwa kwa maji ya moto. Alipakwa mafuta ya mchaichai. Alibandikwa plasta ya pilipili iliyomtoa malengelenge. Alichomwa sindano mbili begani na daktari aliyekuwa anaongea na simu. Shangazi yake akamwambia alale chali, jirani akamwambia alale kifudifudi, na mchungaji akamwambia asamehe.

"Na wote walikutibu bega."

"Si ndiko kunakouma?"

"Bega lako halina kosa lolote, mama. Nimeligeuza, nimelinyanyua, nimelibonyeza, umenyamaza. Nimegusa shingo, umemwita Yesu." Alijigusa shingo yake mwenyewe, chini kidogo ya kisogo. "Mishipa ya fahamu ya mkono wote inatokea hapa, katikati ya pingili. Mtu akikanyaga mpira wa maji pale bombani, maua yanakauka mwisho wa bustani. Mmekuwa mkiyatibu maua. Ukiweka mkono kichwani, mshipa unalegea. Ndiyo maana unapata nafuu."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa Atuganile alisahau kujihurumia, akabaki anashangaa tu. Shingo! Na shingo haijawahi kumuuma hata siku moja.

"Sasa nani anaukanyaga huo mpira?"

"Hapo ndipo sijui. Picha ya pingili zako ni safi, afadhali ya kwangu. Hakuna mfupa uliosagika. Kuna kitu kinaikaza misuli ya shingo yako kila siku, na misuli ndiyo inaubana mshipa." Akaushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akamwonyesha nyama ya chini ya dole gumba. Ya kushoto ilikuwa imenywea. "Hii isikae hivi, mama. Ukiendelea miezi mitatu, nyama hii itakufa, na ikifa hairudi. Hutafunga kifungo cha gauni."

Alimpa daftari. Kila jioni aandike: maumivu kiasi gani, kutoka moja mpaka kumi, na siku hiyo alifanya nini.

2

Kazi ya Atuganile ilikuwa kukwangua mabomba ya mvuke yaliyozama kilomita tatu ardhini, bila kuinuka kwenye kiti.

Ukumbi ulikuwa na viti arobaini, mbele ya kila kiti kioo, na mgongoni mwa kila kiti koti. Ukilivaa koti na kufunga kola yake shingoni, kule chini kwenye joto la kuivisha ndizi kwa dakika moja mkono wa chuma unaamka. Ukiinua mkono wako, nao unainua. Ukikwangua hewa, nao unakwangua magamba ya mawe yanayoziba bomba. Na ili usikwangue kama kipofu ukatoboa bomba, kola inakurudishia uzito: inaigonga mishipa ya fahamu pale inapotokea shingoni, vigongo vidogo vya umeme, na mkono wako unasikia jiwe. Unajua hili laini, lile gumu, hili litavunjika. Waliojaribu kufanya kazi bila kola walivunja mitambo miwili siku moja.

Mikono yote arobaini ilitembea kwenye reli moja, kwa hiyo zamu haikuanza mpaka kila kiti kimewasha taa ya kijani. Na taa haikuwaka mpaka umesalimiana na koti. Lilikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo, ya upole, ya shangazi anayekupenda.

"Umeamkaje?"

"Salama."

Taa ya kijani. Basi, kazi ianze.

Miaka kumi na mmoja Atuganile aliitikia hivyo. Siku nyingine aliongeza, maana yeye ana domo. "Salama, ila usiku sikulala." "Salama, ila huu mkono, dada, huu mkono utaniua." Tumpe wa kiti cha jirani alikuwa akimcheka. "Dada Atu, unamsimulia koti? Mbona limeshafunga masikio?" Na kweli, taa ilikuwa imeshawaka kwenye neno salama. Yaliyofuata yalikuwa ya kujiburudisha.

Aliandika kwenye daftari wiki tatu mfululizo. Saba. Saba. Nane. Nane. Jumapili, tano. Jumatatu saba tena. Alichunguza mto wa kulalia, akaubadilisha. Alichunguza ndoo za maji, akamwachia binti yake abebe. Alichunguza kiti cha ukumbini, akakipandisha na kukishusha mpaka kikapiga kelele. Nane. Nane. Alianza kuupenda ule upelelezi, Mungu amsamehe. Akiamka, kabla hata ya kusikia maumivu, alikuwa anajiuliza leo itakuwa ngapi.

Kisha Alhamisi moja ikaja tatu.

Tatu! Alikagua mara mbili. Siku ya kazi nzima, mawe magumu kweli kweli, bomba namba tisa linalojulikana kwa ubishi, na mkono ukatoka mwepesi. Ijumaa tatu tena. Jumatatu saba.

Alikaa jikoni na daftari mapajani, mama yake akimenya ndizi pembeni.

"Mama, wiki iliyopita Alhamisi nilifanya nini?"

"Ulikuwa umekauka koo. Siku mbili nyumba hii ilikuwa na raha."

Atuganile akafunga daftari. Siku zile hakuwa na sauti. Alhamisi na Ijumaa hakulijibu koti, kwa sababu hakuweza. Fundi Ipyana ndiye aliyekuja kumwashia taa kwa mkono.

3

Ipyana, fundi wa makoti, alikuwa na karakana nyuma ya ukumbi, imejaa kola zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Atuganile alimkuta anakunywa kikombe cha tatu, akamweleza yote, na daftari akamfungulia mbele ya pua.

"Siku ile uliponiwashia, fundi, ulilifanya nini koti langu?"

"Nililirudishia sifuri ya kiwandani."

"Sifuri ndiyo nini?"

Ipyana akakuna kidevu. "Kola haiwezi kukugonga kipimo kimoja kila siku. Mtu anabadilika. Siku nyingine mishipa yako ina kelele, siku nyingine imetulia. Kwa hiyo asubuhi inaisikiliza kwanza. Ikikuuliza umeamkaje, na wewe ukasema salama, inachukua hali ya mishipa yako dakika ile ile na kusema: hii ndiyo Atuganile mzima. Hiyo ndiyo sifuri. Uzito wa jiwe unahesabiwa kuanzia hapo."

"Na kama si mzima?"

"Umesema salama."

"Najua nimesema! Nauliza, kama siku hiyo mshipa unauma?"

Fundi aliweka kikombe chini. Akavuta kioo, akaandika namba ya koti la Atuganile, na mstari ukatokea. Ulianza chini kushoto, miaka kumi na mmoja iliyopita, ukapanda ngazi kwa ngazi kuelekea juu kulia. Palikuwa na shimo moja dogo, la siku mbili.

Walitazama pamoja. Haikuhitaji shahada. Siku ya kwanza mshipa ulichoka kidogo, Atuganile akasema salama, koti likaiita ile kelele uzima. Ili jiwe lisikike juu ya kelele, koti likagonga kwa nguvu zaidi. Mshipa ukachoka zaidi, misuli ya shingo ikajikaza kujilinda, ikaubana. Kesho yake likauliza tena kwa upole, naye akajibu tena kwa adabu.

"Mimi ndiye niliyelituma," Atuganile alisema. Alicheka, kisha akahisi machozi, yakamkera. "Kila asubuhi, kwa mdomo wangu."

"Si wewe peke yako." Ipyana alifungua koti la pili, la tatu, la kumi. Mistari yote ilipanda. Ya wazee wa kazi mirefu, ya wageni mifupi. "Niliiona hii, mwaka wa tatu huu. Nikadhani makoti yanazeeka."

"Kwa nini halisikilizi mtu amalize? Mimi huwa naliambia! Salama, ila. Kila mtu husema salama kwanza. Mwenye msiba husema salama, ndiyo anakwambia kafiwa."

"Walioliunda waliwauliza watu elfu tatu, umeamkaje, wakanasa majibu ili lijifunze."

"Na wote wakasema salama."

"Wote. Koti halijui jibu lingine."

"Hawakutafuta wagonjwa?"

"Walianzia wodini," Ipyana alisema.

Atuganile alicheka mpaka akashika meza, na lile kombe la bega likamkumbusha asicheke sana.

Fundi akainuka, akafunga mlango. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kumsaidia. Kila Jumatatu atalirudishia koti lake sifuri ya kiwandani, kimya kimya, kabla zamu haijaingia. Koti moja anaweza kulificha kwenye kumbukumbu za mtambo. Mawili labda. Arobaini hawezi, wakubwa wataona. Na wakubwa wakiona wataufunga ukumbi, mwaka mzima au zaidi, mpaka kola nyingine zitengenezwe. Atakayerudi ni yule daktari atakayempitisha.

"Wewe hutapita, Atu, na huo mkono. Lakini nikikuwekea sifuri, utapona ukiwa kazini. Nani atajua?"

"Na hao wengine?"

Ipyana akachukua kikombe chake, akakuta chai imekwisha.

4

Alimwambia Tumpe mchana, kwenye benchi la kantini, maana kukaa na neno kifuani Atuganile hakuwahi kujifunza. Tumpe alisikiliza huku akitafuna, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotafuna polepole.

"Sasa unataka kufanya nini, dada?"

"Kesho sitasema salama. Taa haitawaka, zamu haitaanza, watalazimika kuuliza kuna nini."

"Kubali la fundi."

"Tumpe..."

"Kubali! Ningekuwa mimi ningekubali bila kumaliza kusikiliza. Mimi nimesubiri kiti hiki miaka minne, dada Atu. Minne! Nimechuma chai mpaka kucha zikawa kijani. Nina miaka miwili tu hapa, ndiyo kwanza nimeezeka. Wewe umekula kumi na mmoja, unataka kutufungia mlango?"

"Vidole vyako vikoje?"

"Vizima," Tumpe alisema, akainuka na sahani yake.

Jioni ile Atuganile hakuandika kitu kwenye daftari. Alikaa akiangalia nyama iliyonywea chini ya dole gumba. Alikuwa anautaka ule msaada wa fundi, tusidanganyane. Aliutaka vibaya sana. Alijiona tayari amepona, anafunga vifungo vyake, anakaa kwenye kiti chake. Kisha akakiona na kiti cha pembeni, na mstari mfupi wa Tumpe ukipanda ngazi, na yeye anajua, na kila asubuhi anamsikia akisema salama.

5

"Umeamkaje?" koti liliuliza.

"Vibaya," Atuganile alisema.

"Samahani, sijakuelewa. Umeamkaje?"

"Vibaya. Nyuma ya bega panawaka moto. Vidole vitatu sivisikii."

"Samahani, sijakuelewa. Umeamkaje?"

Taa thelathini na tisa zilikuwa zimewaka kijani. Watu walianza kugeuza vichwa. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. "Atu, mama, sema neno tuanze kazi!" Mwingine akasema labda koo limekauka tena. Tumpe alitazama kioo chake, taya zimekaza.

"Umeamkaje?" Lilikuwa na subira, lile shetani. Lingeuliza hivyo mpaka jioni kwa upole ule ule.

Atuganile alibana midomo. Hajawahi kukaa mbele ya salamu bila kuiitikia, na ilikuwa inamwasha mwili mzima.

Mlango wa mbele ukafunguka, akaingia Mama Sekela, msimamizi wa ukumbi, mama wa miaka sitini, mnene, mpole, mzee wa kanisa. Alipita katikati ya viti moja kwa moja mpaka kwa Atuganile.

"Shikamoo mama," Atuganile alisema.

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama mama."

Taa ikawaka kijani.

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakapiga viti. Mama Sekela alicheka akashika tumbo. Hata Atuganile mwenyewe alicheka, angefanyaje, na akiwa bado anacheka mikono arobaini ikaamka kule chini, jiwe la bomba namba tisa likamwangukia begani, na moto ukashuka mpaka kwenye vidole. Alipiga yowe. Akaichomoa kola kwa mkono wa kulia, na taa zote zikazimika pamoja na ya kwake.

Kicheko kilikatika.

"Atuganile," Mama Sekela alisema. "Unataka nini?"

"Niulize tena, mama. Ulimi wangu umezoea vibaya. Niulize taratibu, nipate muda wa kuukamata."

Mama Sekela alimwangalia, akaangalia kola iliyokuwa inaning'inia. "Haya. Umeamkaje?"

Atuganile alisikia salama inakuja. Ilikuwa mdomoni, kwenye meno. Akaimeza.

"Vibaya, mama."

"Tunamshukuru Mungu," Mama Sekela alisema. Kisha akasikia alichokisema, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama alisimama pale, na ilionekana wazi kwamba anatafuta kinachofuata na hakioni. Watu wote wale walikuwa wamesalimiana maisha yao yote, na hakuna aliyejua baada ya vibaya mtu husema nini. Hatimaye akavuta kiti kitupu cha msaidizi, akakaa, magoti yake yakigusana na ya Atuganile.

"Vibaya vipi?"

Basi Atuganile akamwambia. Alianza na shingo, maana sasa alijua pa kuanzia. Akaeleza mshipa, kola, sifuri, na mstari unaopanda ngazi, makoti yote arobaini. Akafunua kiganja chake, akamwonyesha nyama iliyonywea. Hakuficha kwamba ukumbi utafungwa, wala kwamba yeye hatarudi. Sauti ilimtetemeka hapo, akaiacha itetemeke.

Mama Sekela alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia kiti cha jirani.

"Na wewe Tumpe? Umeamkaje?"

Tumpe hakuwa amevua kola. Alikuwa ameshika mikono ya kiti chake kwa nguvu, kile kiti cha miaka minne. Alimtazama Atuganile kwa chuki, chuki kabisa, na machozi yakamlengalenga.

"Vidole viwili," alisema. "Tangu Pasaka."